Elkana Amefulia

Elkana ni Mkisii, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Anasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja upande wa Liverpool, hapa Sydney, na anaishi Granville, kwenye nyumba ya kupanga iliyobanwa kati ya duka la matairi na karakana ya fundi makochi. Kazi anayo, kodi analipa kwa wakati, gari lake linawaka. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna wiki moja ambayo nusu ya kanisa letu iliamini kwamba hana hata unga wa ugali.

Mkewe, Peninah, alikwenda Perth, upande wa pili wa Australia, kumsaidia binti yao Jacky, aliyekuwa amejifungua. Alikwenda kwa miezi mitatu. Mtoto akaota meno, akatembea, akaja wa pili, na Peninah bado yuko huko. Hawakugombana. Hakuna aliyemwacha mwenzake, hakuna mchungaji aliyeitwa kusuluhisha, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumpa Elkana pole. Jumapili jioni hupigiana simu ya video. Mjukuu anasukumwa mbele ya kioo, anapunga mkono, anasema "Hi Babu, bye Babu," anakimbia zake. Peninah husema atarudi baada ya Krismasi, bila kutaja ya mwaka gani.

Sasa tuje kwenye mashine. Nyumba ile waliikuta na mashine ya kufulia ya zamani, ambayo mwenye nyumba aliiacha kwa kuwa ni nzito kuliko hasara ya kuiacha. Inafua yenyewe mwanzo hadi mwisho, lakini ni ya enzi zile kabla ya vioo vya kugusa. Usoni ina safu ya vibonyezo vyeupe: maji moto, vuguvugu, baridi, nguo ngumu, nguo laini. Ukibonyeza kimoja, kile kilichokuwa chini kinaruka juu, tak. Halafu maji yanaingia kwa kishindo, mti wa katikati unaanza kukoroga nguo, na ikifika kwenye kukamua, vikombe kabatini vinagongana. Peninah aliichukia. Alipoondoka, Elkana akawa akirudi kutoka kazini anaiwasha hata kama hana nguo chafu. Aliniambia mwenyewe, bila aibu: "Ikiwa inazunguka, nyumba inakuwa na mtu."

Huku halmashauri ina wiki zake za kuzoa takataka kubwa, na watu hutoa makochi na magodoro na kila walichokichoka, wakayapanga kando ya barabara. Elkana alianza kuzunguka wiki hizo, mtaa kwa mtaa, mpaka Quakers Hill. Akiona mashine ya vibonyezo anasimamisha gari. Anaibeba, anaifungua, anabadilisha mkanda na mipira, anaipangusa mpaka inang'aa. Mbali na ile ya ndani, akawa na nyingine tano kwenye gereji nyuma ya nyumba, zimesimama ukutani kila moja na bomba lake. Tulimcheka. Wanaume wa rika lake wananunua ng'ombe nyumbani na kutumiwa picha, yeye anaokota mashine za kufulia.

Shida ya mashine hizi ni kwamba zikikaa bila kazi zinakufa. Mipira inakauka, mikanda inapasuka, pampu inashika kutu. Kila moja inataka nguo mara kwa mara, na nguo za mtu mmoja hazijazi hata moja. Elkana alifua mapazia yasiyo na vumbi. Alifua shuka zilizolaliwa usiku mmoja. Ndipo likamjia wazo ambalo, kwa mtu mwenye haya kama yeye, lilikuwa kubwa: watu wa kanisani waje Jumamosi na nguo zao, wafue bure, na nguo zikiwa zinazunguka wao wakae wanywe chai. Alitaka watu. Mashine zilikuwa sababu, maana hapa Sydney hatutembeleani bila sababu. Kuna msiba, kuna mtoto mpya, kuna mtu kapata uraia. Asiye na tukio hana wageni.

Kwa hiyo Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili, watu wakiwa na vikombe mkononi, alimfuata Nakijwa. Nakijwa ni rafiki yangu, Mpare wa Same, roho yake nzuri kabisa, ila habari ikimwingia sikioni ujue imeshatoka mdomoni.

"Dada Nakijwa," Elkana akamwambia, "wewe unajua mimi nimefulia huko gereji mwaka mzima, peke yangu?"

Nakijwa akashusha kikombe. "Umefulia, kaka Elkana?"

"Nimefulia tu. Peninah ako Perth, mimi niko gereji. Si kitu ya kuficha. Sasa nilikuwa nataka mkuje Saturday, wewe na wengine. Mkuje na nguo."

"Nguo?"

"Zozote. Zile zimejaa tu kwa nyumba."

"Usijali, kaka yangu," akasema Nakijwa, na machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Tutakuja."

Kwao Kenya, kufulia gereji ni kufua nguo ukiwa gereji, basi. Kwetu Tanzania mtu akikwambia amefulia, ameishiwa, hana mbele wala nyuma. Nakijwa alichosikia ni kwamba mwanaume mzima amefilisika, mke kakimbilia Perth, yeye analala gereji na anaomba nguo za kuvaa. Sijafika hata kituo cha treni, simu ikaita. "Elkana amefulia," akaniambia. Mimi ni Mtanzania pia. Niliamini neno kwa neno, nikashangaa tulikuwa tunaangalia wapi siku zote hizo.

Jumamosi tulikwenda na gari la mizigo la Bahizire, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, pamoja na mkewe Katungu. Nakijwa alipakata sufuria ya pilau, na miguuni aliweka gunia la mchele. Mimi nilileta mablanketi. Katungu alikuwa amepita kwa majirani akakusanya nguo za kiume, mifuko minne imefura. Njiani tulikubaliana tusimwaibishe, tusimuulize kitu.

Elkana alikuwa anatusubiri langoni na shati lake la kanisani. Alipoiona ile mifuko, uso wake ulifunguka.

"Mmekuja kweli," akasema. "Na mmeleta mingi hivi."

"Ni kidogo tu, yaya," akasema Katungu, maana kwao yaya ni kaka. "Tutaleta ingine."

"Mlete tu. Hata kila Saturday."

Nakijwa alinikanyaga mguu, maana yake: umeona hali ilivyo mbaya.

Gereji ilikuwa safi kuliko sebule yangu. Alikuwa amepanga viti vya plastiki kuzunguka meza yenye kitambaa, na juu yake chai ya maziwa, na mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, magumu kidogo. Alizimwaga zile nguo, akazitenga nyeupe na za rangi, akazigawa kwenye mashine zote tano. Alimwita Bahizire abonyeze. Bahizire akabonyeza, tak, akacheka, akaomba abonyeze na ya pili. Mimi moyoni nilisema, maskini, bado ana heshima zake, hawezi kuvaa nguo ya mtu kabla hajaifua.

Mashine tano zikikoroga pamoja hakuna anayeweza kusema kwa upole. Ilibidi tupige kelele, na ukipiga kelele huwezi kuendelea kumhurumia mtu. Tukala pilau. Bahizire akasimulia jinsi alivyopotea wiki yake ya kwanza hapa, akapanda treni ileile mara tatu na kushuka kituo kilekile. Elkana akasimulia mgonjwa aliyekataa kushuka kitandani mpaka wasukume kitanda kupita dirisha la jikoni aone kinachopikwa. Nimemjua miaka mingi, sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Alikuwa na furaha, na mimi iliniuma, kwa sababu nilidhani anafurahia mchele.

Nguo zilianikwa uani, jua likazikausha haraka. Elkana akazikunja moja moja, akazirudisha kwenye mifuko yake, akamkabidhi Katungu mfuko wa kwanza mikononi.

"Haya, zenu hizi. Saturday ijayo mtakuja saa ngapi?"

Katungu akamtazama mumewe. "Yaya, hizi nguo ni za kwako. Tulizileta juu yako."

"Zangu? Mimi niko na nguo."

"Lakini kaka," akasema Nakijwa, "si ulisema umefulia?"

"Ndiyo. Si mmeona? Hapa ndiyo nafulia."

Tukatazamana. Nilikuwa wa kwanza kucheka, na kwa kuwa nilicheka mimi ndiye niliyelazimika kueleza. Elkana alinisikiliza mpaka mwisho, akigeuza macho kutoka kwenye gunia kwenda kwenye mablanketi, kutoka kwenye mablanketi kwenda kwenye ile sufuria. Halafu naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo.

"Kumbe mlidhani niko na shida."

"Tulidhani hivyo, vraiment, kweli kabisa," akasema Bahizire. "Tulishaogopa."

"Hapana," akasema Elkana. "Sina shida."

Angeweza kusema pale. Nilimwona akilitafuta neno. Lakini utasemaje mbele ya Bahizire, aliyetoka kwao kwa miguu na risasi nyuma, kwamba shida yako ni kuwa Jumamosi ni ndefu? Akaanza kukusanya vikombe. Nasi tukamshukuru Mungu, tukashusha pumzi, tukaanza kutafuta funguo za gari. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na watu wetu wameishika methali hiyo mpaka wameipita. Mtu akiwa na dhiki tunajaa mlangoni. Akiwa hana, tunaona tumemaliza kazi yetu kwake.

Katungu ndiye aliyekumbuka kwamba kuna Mrundi mmoja, mama anayeitwa Nahimana, ameletwa Liverpool na watoto wake na kupewa nyumba tupu. Tukaafikiana nguo, mchele na mablanketi viende kwake. Elkana alibeba lile gunia mwenyewe mpaka kwenye gari, akaliweka, akabaki ameshika mlango.

"Huyo mama ako na mashine?"

"Hana," akasema Katungu. "Anafula na mikono mu bafu."

"Basi ngojeni kidogo."

Tulidhani atatoa moja ya zile tano. Alitoa ile ya ndani. Nilimuuliza mbona hiyo, akasema ndiyo imara kuliko zote, na mtu mwenye watoto anataka kitu imara. Yeye na Bahizire wakaisukuma hadi kwenye gari, na safari hii Elkana akapanda nasi.

Kwa Nahimana mashine iliwekwa bafuni, na bafu lilikuwa dogo, kwa hiyo niliingia mimi tu na tochi kummulikia Elkana, na mama mwenyewe akasimama mlangoni akishukuru kwa Kiswahili na Kirundi vikiwa vimechanganyika. Elkana alifungua bati la nyuma. Mkanda ulikuwa umeanza kupasukapasuka, ungeweza kusukuma wiki chache na kukatika. Mfukoni alikuwa na mpya. Alikaa amechuchumaa, mkanda mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

"Mama," akasema bila kugeuka, "hii kitu ikikwama unanipigia simu, sawa? Hata kama ni kitu kidogo. Nakuja siku hiyohiyo."

"Nitakupigia, mzee."

Aliutazama ule mkanda mkuukuu muda mrefu kuliko mkanda wowote unavyostahili. Tochi ilikuwa mkononi mwangu, na uso wake niliuona vizuri. Mtu mwingine angeurudisha tu, na hakuna ambaye angejua. Akautupa kwenye ndoo, akafunga mpya, akaukaza, akaujaribu kwa kidole. Kisha akabadilisha na mpira wa bomba, akatia mafuta, akafunga skrubu zote, akarudia kuzikaza. Watoto wakaja kubonyeza vibonyezo, tak, tak, wakicheka na kusukumana, na Elkana akawafundisha kipi ni cha maji moto wasikiguse. Aliendelea kuwafundisha mpaka Bahizire alipokohoa na kusema ana shift.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekwenda Granville. Nakijwa alikuwa na sherehe ya mtoto, mimi nilikuwa kazini, Bahizire sijui. Wala hiyo iliyofuata. Nahimana akaanza kuja kanisani kwetu, na kila Jumapili wakati wa chai Elkana humsogelea, simu ikiwa kwenye mfuko wa shati ambapo ikiita ataisikia.

Juzi nilikuwa nimesimama karibu nao.

"Mashine inaendeleaje, mama?"

"Vizuri sana, mzee. Haijawahi kukwama hata siku moja. Ningekupigia, lakini sijapata sababu. Mungu abariki mikono yako."

"Amina," akasema Elkana, akaenda kuosha kikombe chake.