Mama Kitasa na Sekunde Arobaini

Jambo la kwanza ambalo mgeni huliona kwa Mama Kitasa ni bega lake la kulia. Akishafunga mlango kwa ufunguo, haondoki. Huusukuma kwa bega hilo mara mbili, husikiliza, ndipo hutia ufunguo mfukoni. Chupa ya maji nayo huipindua juu chini kabla ya kuitia mkobani. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, wakambandika jina hilo, naye akalipokea kama mtu aliyevishwa nishani.

Kazi yake ni kuchapa. Madaktari wa hospitali moja hurekodi kwa sauti maelezo ya wagonjwa wao, naye huyasikiliza na kuyageuza kuwa maandishi. Kwa miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo ofisini, katika chumba cha wachapaji wanane. Kisha mama yake mzazi akapatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, ikawa lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Mama Kitasa akaomba kuchapia nyumbani. Daktari mkuu alimpa miezi mitatu ya majaribio: siri za wagonjwa zikiwa salama, ataendelea, na wenzake saba wataruhusiwa pia; zisipokuwa salama, atarudi ofisini.

Usalama wenyewe ulitegemea programu iitwayo VPN. Fundi wa mtandao wa hospitali, kijana asiyekosa utani, alikuja kuiweka kwenye laptopu yake.

"Shangazi, intaneti ni barabara," alimweleza. "Ukipita, watu wanaona unatoka wapi na unaelekea wapi. VPN inakupitisha ndani ya bomba. Wao wanaona bomba tu. Ukiona hiki kikufuli cha kijani hapa pembeni, ujue uko bombani. Wewe chapa kazi."

"Na nitajuaje kama kikufuli kinasema kweli?"

"Shangazi! Kikudanganye ili kipate nini?"

Jibu hilo halikumwingia akilini. Alisoma, akauliza, akaandika kwenye daftari, mpaka akajua kwamba kuna tovuti ambazo ukizifungua hukuonyesha anwani ambayo mtandao unakuona nayo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, aliizima VPN na kunakili anwani ya nyumbani kwake. Kisha aliiwasha na kuangalia tena. Anwani ilipaswa kubadilika na kuwa ya hospitali. Hakuishia hapo. Aliangalia pia ni nani anayeulizwa kila tovuti anayofungua iko wapi: ni hospitali, au bado ni kampuni inayomletea intaneti nyumbani? Wiki kumi mfululizo daftari lilijaa alama za vyema.

"Wewe ulizaliwa unakagua," mama yake alimwambia kutoka kitandani. "Hata ziwa langu ulilijaribu kwanza ndipo ukanyonya."

Wiki mbili kabla ya majaribio kwisha, Mama Kitasa alifunika laptopu kama kawaida yake, akamgeuza mama yake, akarudi na kuifunua. Ile tovuti ya anwani ilikuwa bado wazi. Akaipakia upya, kwa mazoea tu.

Ilimwonyesha anwani ya nyumbani kwake. Pembeni, kikufuli kilikuwa kijani kibichi.

Akapakia tena huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Zilipita sekunde arobaini ndipo anwani ya hospitali ikarudi. Akafunika, akafunua. Mara sita kati ya saba ilikuwa vilevile, na ni katika sekunde hizo programu yake ya kuchapia ilipokimbilia kutuma kazi iliyobaki.

"Mbona umenyamaza?" mama yake aliuliza. "Ukinyamaza hivyo, ama kuna kitu kinaungua jikoni ama umekamata kosa."

Akamweleza.

"Ukisema, si watakurudisha ofisini?"

"Huenda, mama."

"Na usiposema?"

"Habari za watu zitapita barabarani hazina nguo."

Bibi huyo akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka. "Basi sema. Mimi nimeandikwa kwenye mafaili yao kila kitu, mpaka mambo ya choo. Ningependa kujua kwamba mchapaji wangu aliusukuma mlango."

Akampigia fundi. Fundi akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Haiwezekani, shangazi. Nimeipima wiki nzima kwenye mashine yangu."

"Mashine yako unaifunika mara ngapi kwa siku?"

"Yangu haina kifuniko. Ni ya mezani."

"Yangu naifunika kila ninapoinuka kumgeuza mama."

Kabla ya saa sita mchana fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya laptopu hiyo, akifunika na kufunua, na utani wote umemwisha. Kumbe laptopu ikifunikwa bomba hukatika, na kulikuwa na kitufe ambacho hakuwahi kukiwasha: bomba likikatika, intaneti yote inakatwa papo hapo mpaka lirudi. Akakiwasha.

"Tuyamalize hapahapa, shangazi," alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," alisema Mama Kitasa.

Jioni hiyohiyo alimwandikia daktari mkuu barua, akaambatanisha kurasa za daftari, na kwa haki kabisa akaeleza kwamba fundi alikuja mara moja na kurekebisha. Jibu lilikuwa fupi: kazi ya nyumbani isimame; Alhamisi saa nne asubuhi daktari mkuu atakuja kujionea mwenyewe, pamoja na wachapaji wote. Laptopu itafunikwa na kufunuliwa mara thelathini. Anwani ya nyumbani ikitokea hata mara moja, habari ya kuchapia nyumbani imekwisha; isipotokea, wote wanane wataruhusiwa.

Leo ni Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano. Viti tisa, viwili vya kuazima, vimepangwa nyuma ya meza ndogo ya kuchapia. Fundi amefika kabla ya wote, amevaa shati lililopigwa pasi, na nje humwambia kila anayekutana naye, "Ni shangazi aliyeligundua kosa, si mimi." Bibi amechanwa nywele, na ameagiza ageuzwe mapema kuliko zamu yake ili auelekee mlango.

Mama Kitasa ameketi wima, mkono juu ya kifuniko. Ameshajaribu mara ishirini tangu alfajiri, na mara zote ishirini kila kitu kilikatika kabisa mpaka bomba liliporudi. Nje, gari linazimwa. Sauti za wenzake saba zinapanda ngazi.

"Wanakuja," anasema Bibi. "Kaa sawa, mwanangu."