Mahindi Hayajakauka

Harufu ya mahindi mabichi yanayokaushwa kwa moshi haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Si ile ya mahindi ya kuchoma, maana hiyo humfanya mtu ameze mate. Hii ni nzito, ina utamu ulioanza kuchacha, imechanganyika na masizi na kuni mbichi zinazotoa povu motoni. Iliganda kwenye sweta langu la shule mpaka mwalimu akanihamishia karibu na dirisha. Hata leo, nikiwa dukani kwangu Sotik ninakouza mbegu na chakula cha ng'ombe, mteja akiingia na koti lililolala jikoni, mimi hunyamaza kidogo kabla ya kumuuliza anataka nini. Watu hudhani nina kiburi. Sina kiburi. Nimerudi tu kwenye nyumba ya kogo, bibi yangu mzaa baba, mwaka ule ambao kiangazi hakikuja.

Kwetu ni upande wa Bomet, mbele kidogo ya Kaplong, mahali ambapo shamba huanzia juu barabarani na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni. Mvua kwetu si habari. Hunyesha mchana, watu hujikinga chini ya mabati, kisha hurudi kuchuma chai wamejifunga plastiki kiunoni, na hakuna anayelalamika. Kulalamika kwenyewe kulikuwa marufuku nyumbani. Kogo alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko Amri Kumi: mvua haikatazwi. Ukiiambia ikome, alisema, itakusikia, na siku utakapoiita itakuwa imeenda kwa watu wenye adabu. Mimi hasa sikuruhusiwa hata kukunja uso, kwa sababu naitwa Cherop, jina analopewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. "Wewe ni wa mvua," aliniambia huku akinivuta sikio, "utamfukuzaje mwenzako?" Nami nilicheka. Siku hizi sicheki. Mvua siipendi, na anayekuja dukani kuniambia kwamba ni baraka namwambia achukue mbolea yake aende.

Lakini hata sisi tulikuwa na miezi yetu ya jua. Desemba ikifika mawingu hupungua, tunavunja mahindi, tunayaanika uani juu ya turubai, na kazi ya watoto inakuwa kufukuza kuku. Mwaka ule turubai halikutandikwa. Novemba ilinyesha, Desemba ikanyesha, Krismasi tuliila tumejikunyata jikoni na nguo mpya zilizonuka uvundo, kisha Januari ikaja na mvua ile ile, kana kwamba mbingu zilisahau kufunga mlango. Viatu viliota ukungu mweupe chini ya kitanda. Ng'ombe walisimama kwenye matope mpaka kwato zikaanza kuoza. Chai peke yake ndiyo iliyofurahi, ikawa inachipua bila kupumzika, na baba, ambaye chai ilikuwa damu yake, alipita katikati ya mistari akiipapasa kama ndama. Hata furaha hiyo ilikuwa ya kujidanganya. Lori la kiwanda lilikwama bondeni, majani tuliyochuma yakapata joto ndani ya magunia, yakageuka rangi ya kutu, tukayamwaga. Hapo tukajua kwamba kitakachotulisha mwaka huo ni mahindi tu, nayo mahindi yalikuwa yameanza kuota yakiwa bado kwenye bua.

Nyumba yetu ilikuwa ya mabati na sakafu ya simiti, nzuri kwa macho, lakini haikuwa na mahali pa kukaushia kitu. Kogo peke yake ndiye aliyebaki na nyumba ya zamani, ya udongo na nyasi, yenye dari la miti juu ya mafiga, dari ambalo sisi huliita tabut. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimbembeleza ahamie kwetu, na baba aliionea ile nyumba aibu kidogo wageni wakija. Sasa ghafla ikawa ndiyo tegemeo la boma zima. Tulibeba mahindi yote kwa vikapu vya chai, tukateleza na kuanguka na kuinuka, na kogo akasimama mlangoni akitupangia kazi na kumchokoza mama. "Leo mnaijua njia ya kwangu," alisema. "Kumbe moshi wangu hauumizi macho tena." Mama alicheka, ingawa alikuwa amechoka kiasi cha kutetemeka. Tangu siku hiyo kogo alikuwa na kazi moja tu, moto usizimike. Naye baba kila jioni aliingia pale, akachomoa punje moja kwenye gunzi, akaing'ata kwa magego. Punje kavu hulia ikivunjika. Sote tulinyamaza tuisikie. Haikulia. Ilibonyea tu, na baba akaitemea kwenye majivu akasema, "Bado."

Nyumba hiyo ilikuwa chini kabisa ya mteremko. Zamani nyuma yake palikuwa na miti mikubwa aliyoipanda babu. Baba aliikata yote akapanda chai mpaka karibu na ukuta, na wala kogo hakupinga. Alipenda kufungua dirisha asubuhi akaiona chai, akajihisi mtu wa maana. Mama ndiye aliyeuona ufa. Alikuwa anachuma, mguu mmoja ukazama mpaka gotini katikati ya mistari, na alipogawanya vichaka kwa mikono akaona ardhi imepasuka, mpasuko mrefu uliokata shamba letu kutoka mpaka wa jirani mmoja hadi wa mwingine, na maji ya mvua yakiingia humo bila kutokea popote. Baba aliitwa. Aliutazama, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha akafanya vile vile methali inavyosema: akaleta udongo kwa toroli na matawi ya chai yaliyopogolewa, akaujaza ule ufa na kuushindilia kwa mabuti yake ya mpira. Alipomaliza alionekana ameridhika. Mvua chache baadaye ufa ukafunguka tena, mpana zaidi, naye akaujaza tena.

Nilimsikia mama akimwambia, asubuhi moja tukinywa chai, kwa sauti ya chini ambayo kwa mama ndiyo iliyokuwa ya hasira, "Baba Cherop, mtoe mama pale." Baba alijibu kwamba chai ina mizizi, haiendi popote. "Sijauliza chai inaenda wapi," mama akasema. "Nimesema mtoe mama." Baba alipulizia kikombe ambacho kilikuwa kimeshapoa, halafu akatamka neno ambalo sijaweza kulitua hadi leo. "Mahindi yakikauka, atahama." Nami hebu nimtendee haki, maana ni rahisi kumhukumu mtu wewe ukiwa umeshiba. Moto ungezimwa, mahindi yangeoza pale pale darini, na sisi watoto tulikuwa tumeshaanza kulala na uji mwepesi. Baba hakuyachagua mahindi akamwacha mamake. Alidhani kuna muda wa vyote viwili. Kogo mwenyewe alipoambiwa ahame alimcheka mama waziwazi. "Nikiondoka nani atachochea? Wewe na stovu yako ya mafuta ya taa?" Kisha akaweka gogo jingine, akanisogezea kigoda nikae karibu na moto, akanimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu. Nilikunywa. Juu yetu maji yalikuwa yanatoka kwenye mahindi na kudondokea majivuni, tone moja moja, na kila tone lilifanya moto ugune.

Jumapili moja tulienda kanisani bila yeye, kwa sababu moto haukuweza kuachwa. Mvua ilipiga mabati ya kanisa hata mchungaji akalazimika kupaza sauti, na alichokipazia sauti ni shukrani: alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa chai, kwa malisho ya mifugo. Tukasema amina. Nilimtazama mama, midomo yake haikusogea. Wakati wa kurudi, kabla hatujafika kona ya kwetu, nilinusa udongo. Haukuwa ule wa mvua ya kwanza ambao watu huusifu. Ulikuwa udongo wa chini, wa baridi, kama wa kisima kinachochimbwa. Halafu tukaona kwamba shamba limehama. Mistari ya chai ilikuwa imeteremka pamoja, ikiwa bado imesimama, kijani kibichi, na sasa ilikuwa pale palipokuwa na nyumba ya kogo. Katikati ya vichaka, kutoka ardhini, moshi ulikuwa unapanda taratibu.

Moshi huo ndio uliowaonyesha watu pa kuchimba. Majirani walikuja na majembe, wengine wakiwa bado na nguo za kanisani, na baba alichimba kwa mikono kwa sababu aliogopa kumjeruhi. Walimkuta karibu na mafiga, mkono wake umeshika kipande cha ukuni. Sisi watoto tuliambiwa tugeuke, tukageuka, lakini nilishaona. Tulimzika mvua ikinyesha. Kaburi lilijaa maji kila lilipochotwa, na baba akasimama pembeni na ndoo akilichota peke yake, akikataa kusaidiwa, mpaka wazee walipomshika mabega. Watu waliokuja kutupa pole walituambia baada ya dhiki faraja. Mimi nilingoja hiyo faraja kwa utiifu, kama mtoto anavyongoja alichoahidiwa. Mahindi yetu yalikuwa yametawanyika mpaka mtoni, na kwa kuwa hayakuwa yamekauka, yaliota. Kufikia Pasaka ukingo wote ulikuwa umejaa mahindi mabichi, marefu, yenye afya kuliko yoyote tuliyowahi kupanda kwa mbolea. Hakuna aliyekula hata gunzi moja. Baba aliyaangalia kwa muda, kisha akafungulia ng'ombe wakaingia humo.

Husemwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwetu hayakungoja mjukuu. Yalimkaa baba mwenyewe, siku ile ile, na hayajamwondoka. Hajapanda mahindi tena. Kila kipande ni chai, na unga ananunua dukani kama mtu wa mjini. Mama alipofariki, sisi watoto tukiwa tumeshatawanyika, baba aliifunga nyumba ya mabati akashuka kule chini na kujijengea kijumba cha udongo chenye mafiga na dari la miti, pale pale. Hatukuulizwa. Tulipojua, alikuwa ameshawasha moto.

Nayaandika haya kwa sababu kiangazi cha mwaka huu nacho hakijaja. Dukani magunia ya mbegu yanavuta unyevu na wateja wananiuliza kama wapande au wangoje, kana kwamba mimi ni malaika. Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba hakuna kilichobadilika. Zamani hatukuwa na wa kutuonya. Leo onyo la mvua linaingia kwenye simu kabla mawingu hayajajikusanya, chifu ameitisha baraza na kuwataka wanaoishi kwenye miteremko wahame, na hata barabara ya kwetu imewekwa lami, lori halikwami tena. Tunajua kila kitu mapema. Nilidhani wakati ule kilichomuua kogo ni kutojua. Sasa nimekuwa mtu mzima na najua kwamba mama alijua, baba alijua, na kogo alijua pia, maana hakuwa mtu wa kuelezwa sauti za nyumba yake mwenyewe.

Juzi nilifunga duka mchana nikaenda kumchukua. Nilikuwa nimemwandalia chumba, nimemnunulia blanketi, nimejipanga kwa maneno njia nzima. Nilimkuta shambani, mzee aliyepinda mgongo, amevaa mabuti ya mpira, anashindilia udongo katikati ya mistari ya chai. Ufa umerudi, juu kidogo ya ule wa zamani. Nilimsalimia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye matope, akauliza habari za wajukuu wake. Kisha tukaingia ndani, akaniwekea kigoda karibu na moto na kunimiminia chai.

"Baba," nikamwambia, "nimekuja kukuchukua. Twende Sotik, hata kwa huu mwezi tu. Mvua ikikoma nitakurudisha mwenyewe."

Hakukasirika. Alisukuma gogo ndani ya mafiga kwa mguu, polepole, vile kogo alivyokuwa akifanya, akaangalia moto ushike.

"Nitakuja," akasema. "Mahindi yakikauka, nitahama."

Niliinua macho kwenye dari. Hapakuwa na gunzi hata moja. Miti ilikuwa myeusi kwa masizi, mitupu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na moshi ulipita katikati yake ukaenda zake. Baba hakuangalia juu. Nilikunywa chai yangu hadi ikaisha, halafu nikatoka nikachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikapanda shambani kwenda kuujaza ule ufa.