Arlene na Sharti la Kiti

Arlene Nowicki alikuwa amepika chakula cha shule kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyepaliwa mbele yake akasubiri kusaidiwa na mtu mwingine. Alikuwa na mbio. Wenzake wa jikoni walizoea kusema kwamba kikombe kikiponyoka, Arlene hufika kabla hakijagusa sakafu. Yeye alilichukua hilo kuwa sifa. Binti yake Tessa hakuliona hivyo.

Tessa alipokuwa na miaka kumi na mmoja alianguka na baiskeli mbele ya nyumba yao, upande wa kaskazini wa Toledo, akavunjika nyonga. Baba yake alikuwa ameshahamia Arizona. Arlene alimuuguza majira yote ya baridi peke yake, akimbeba kutoka kitandani hadi bafuni, na hata magongo yalipokwisha kurudishwa hospitali, yeye hakuacha kukimbia. Alimkimbilia Tessa kwenye bwawa la kuogelea. Alimkimbilia katikati ya mchezo wa softiboli. Siku ya mahafali ya sekondari Tessa alikanyaga pindo la joho lake, akayumba kidogo tu, na mama mtu akafika jukwaani kabla ya cheti. Picha ya siku ile ina watu watatu: mwalimu mkuu, Tessa aliyeinamisha uso, na Arlene amemshika kiwiko.

Sasa Tessa alikuwa na miaka ishirini na tisa, msaidizi wa daktari wa meno, na kwa miaka miwili alikuwa akicheza dabi ya magurudumu, mchezo wa kukimbizana kwa viatu vya magurudumu, bila kumwambia mama yake. Alimwambia siku ya Pasaka, wakati wakiosha vyombo.

"Jumamosi ijayo tunacheza na timu ya ng'ambo ya mto. Nataka uje. Ila kuna sharti."

"Lipi?"

"Ukae kitini. Litokee lolote, wewe ukae. Ukiinuka, Mama, sitakualika tena, wala hutajua nacheza lini. Nimechoka kuwa na miaka kumi na mmoja."

"Nitakaa."

"Sema tena."

"Tessa, nimesema nitakaa! Kwani mimi kichaa?"

Tessa aliendelea kukausha sahani.

Mchezo ulifanyika katika jengo la maonyesho ya kilimo la kaunti, ambamo kila Agosti hulazwa ng'ombe wa mashindano, na hata mwezi wa nne, ukivuta pumzi kwa nguvu, utawakuta bado wamo. Katikati ya sakafu ya saruji palichorwa njia ya duara refu kwa utepe wa rangi. Arlene aliwahi saa kumi jioni akachagua kiti cha mstari wa mbele kabisa, kwenye kona. Jirani yake alikuwa mzee mmoja mnene aliyejitambulisha kwa jina la Clyde Purvis, mstaafu wa kiwanda cha vioo, aliyekuja na mto wake wa kukalia na kengele ya ng'ombe ya kushangilia.

Wachezaji waliingia wakiteleza, wanawake wa kila umbo, wamevaa kofia ngumu na vikinga magoti, na mtangazaji akaanza kuwaita kwa majina. Shangazi Balaa. Muuguzi wa Zamu. Bibi Kifaru. Kisha akasema "Radi ya Jumapili!" na Arlene akamwona mwanawe akipunga mkono.

"Yule anaitwa Teresa, Tessa kwa kifupi," alimwambia Purvis. "Amebatizwa."

"Humu hajabatizwa, dada. Humu ni Radi."

Filimbi ililia, na wanawake kumi wakaanza kusukumana kwa mabega na makalio. Arlene aliangalia juu, akaangalia chini, akaangalia katikati ya miguu yao.

"Mpira uko wapi?"

"Hakuna mpira."

"Sasa wanagombea nini?"

"Kupitana."

"Kupitana tu? Halafu?"

"Halafu wanazunguka, wanapitana tena." Purvis alielekeza kengele yake. "Unamwona binti yako, ana nyota nyekundu kwenye kofia? Kila timu ina mmoja mwenye nyota. Akimpita adui, anapata pointi. Wengine wote kazi yao ni kumzuia wa wenzao na kumfungulia wa kwao. Mwenye nyota ndiye mpira wenyewe."

Arlene alilishika hilo moja, maana mengine yote yalimponyoka. Mwenye nyota nyekundu ni Tessa. Mwangalie mwenye nyota. Tessa alijipenyeza kati ya wanawake wawili, akapigwa kumbo, akayumba, akasimama, na Arlene akaing'ang'ania fremu ya kiti kwa mikono yote miwili. Tessa akatoka mbele ya kundi peke yake. Watu wakapiga kelele. Akazunguka, akarudi kwa nyuma, akawapita watatu, na alipofika kwenye kona, hatua sita tu kutoka kwa mama yake, akaanza kujipiga nyonga kwa viganja viwili, haraka haraka, kama mtu aliyeshikwa na maumivu makali.

Nyonga! Arlene hakukumbuka kuinuka. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alikuwa juu ya utepe, kwamba filimbi zilikuwa zikilia kutoka pande zote, na kwamba alikuwa akipaza sauti, "Usikanyage! Usikanyagie huo mguu!" Mwanamke mmoja wa timu pinzani alimkwepa kwa shida, bega lake likampitia, miwani ya Arlene ikaruka usoni. Gurudumu la mtu likapita juu ya miwani. Krakk.

"Mama." Tessa alikuwa amesimama wima, mzima kabisa, akihema. "Mama, unafanya nini?"

"Nyonga yako!"

"Nyonga yangu ina nini?"

"Ulikuwa unaishika!"

Refa mmoja mwenye fulana ya mistari aliteleza hadi walipo. "Bibi, ile ni ishara. Mwenye nyota aliyetangulia akitaka kusimamisha raundi anajigonga nyonga. Hajaumia mtu."

"Kwa nini wasipunge mkono kama watu?" Arlene aliuliza, na kweli alitaka kujua.

Kule kwenye viti watu walicheka, mtu akapiga kengele. Tessa hakucheka. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni, uleule wa kwenye picha ya mahafali.

"Tafadhali rudi ukae," refa alisema. "Ukiingia tena itabidi utoke nje."

Tessa alisogea karibu na sikio la mama yake. "Ahadi umeshaivunja, ila nitahesabu kwamba umeivunja nusu tu. Kipindi kimoja kimebaki. Ukiinuka tena, ndiyo basi. Nasema kweli."

Arlene alirudi kitini akiwa na fremu ya miwani isiyo na kioo cha kulia, na cha kushoto kimepasuka katikati. Aliivaa, akaona ukumbi mara mbili. Akaivua. Sasa wachezaji walikuwa madoa meusi na madoa ya kijani. Nambari hakuziona, nyuso hakuziona, lakini ile nyota nyekundu kwenye kofia ilionekana hata hivyo, na moyo wake ukatulia kidogo. Mradi kuna nyota, atajua mwanawe yuko wapi.

Kipindi cha pili kilipokaribia nusu, Purvis aliinuka kwenda kununua soseji. "Nikuletee?"

"Haradali nyingi," Arlene alisema bila kugeuka.

Raundi mpya ilianza. Nyota nyekundu ikapenya. Arlene aliifuata kwa macho na shingo yake yote. Upande wa mbali wa njia watu wanne au watano walianguka kwa pamoja, rundo la miguu na magurudumu, lakini nyota ilikuwa imeshapita, iko mbele, iko salama. Filimbi. Kisha jambo la ajabu: wachezaji wote, weusi kwa wa kijani, wakapiga goti moja chini. Ukumbi ukanyamaza. Mwenye nyota naye alipiga goti, kichwa ameinamisha.

Arlene alidhani wanasali. Hakuelewa kwa nini wasali katikati, lakini alikuwa ameshakata tamaa ya kuelewa, na sala haijawahi kumdhuru mtu. Aliweka mikono mapajani. Alimtazama mwanawe alivyopiga goti kwa utulivu na akajisikia fahari, naye akatulia vilevile, mgongo umenyooka kitini.

Purvis alirudi na soseji mbili. "Ameumia nani?"

"Hakuna aliyeumia. Wanasali."

"Si sala hiyo, dada. Mtu akiumia, wenzake wote wanapiga goti mpaka ainuliwe."

"Maskini," Arlene alisema, akipokea soseji. "Mama yake sijui ana hali gani huko aliko."

Madoa mawili yalimwinua doa la tatu, watu wote wakapiga makofi, na Arlene akapiga makofi pamoja nao kadiri soseji ilivyomruhusu. Wachezaji wakasimama. Mwenye nyota nyekundu akateleza kuelekea benchi, akapita mbele ya kona, akavua kitambaa chenye nyota kilichoifunika kofia yake ili ampe mwingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi za mvi.

Arlene alimtazama. Alimtazama tena.

"Huyo nani?"

"Huyo? Muuguzi wa Zamu."

"Lakini ana nyota."

"Nyota inazunguka. Leo wewe, kesho mimi. Radi alikuwa mzuiaji raundi hii." Purvis aliacha kutafuna. Alitazama kule benchi, kisha akamtazama Arlene, na akaiweka kengele yake chini taratibu. "Dada, yule aliyeinuliwa... nadhani ndiye."

Kwa kioo kilichopasuka alichokibana jichoni Arlene aliwaona akina Tessa wawili, wameketi benchi ng'ambo ya njia, bega moja limefunikwa na mfuko wa barafu. Alijua miguu yake imeshakanyaga chini. Alijua magoti yameanza kunyooka. Kati yake na benchi kulikuwa na njia, na wanawake kumi tayari kuanza, na dakika kumi na mbili kwenye saa ya ukutani.

Hakujua lililo sahihi. Mama gani hukaa? Lakini mama gani huambiwa wazi na asisikie? Makalio yake yalirudi kitini kama kitu kilichodondoshwa. Alimpa Purvis soseji yake, akaukalia mkono mmoja, kisha wa pili. Purvis alisema jambo la kumfariji, hakulisikia. Dakika kumi na mbili zile hakuona nyota, hakuona pointi. Aliangalia mfuko wa barafu tu, na kila ulipotikisika, akaukandamiza mkono wake zaidi.

Mchezo ulipokwisha Tessa alikuja mwenyewe, kwa soksi, bega limefungwa kwa bandeji.

"Limeteguka kidogo. Daktari wa timu ameliangalia, litapona." Alivuta pumzi. "Nilikuwa chini pale sakafuni, nakuangalia. Nikasema, sasa anakuja. Hukuja. Ulikaa kama... sijui. Nilitaka kulia."

Lilikuwa jambo rahisi kunyamaza. Arlene alilipima, akalikuta haliwezekani.

"Nilidhani wewe ndiye yule mwenye mvi," alisema. "Sina miwani. Niliifuata nyota. Nilidhani mnasali. Nilipiga makofi, Tessa, nilikuwa nakula soseji."

Tessa alimkodolea macho.

"Ulijua lini?"

"Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili."

"Na ukakaa dakika kumi na mbili."

Arlene alionyesha mikono yake. Nyuma ya viganja palikuwa na alama za mistari ya kiti, nyekundu, zimezama. Tessa aliishika, akaigeuza, akaitazama kama anavyotazama meno ya mtu kazini.

"Tarehe kumi na saba," alisema mwishowe. "Hapahapa. Uje na miwani ya akiba."