Kisanduku cha Msimamizi

Wagonjwa walimwita Mama Nyuzi, kwa sababu mshono wake ukishapona ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Cheo chake kilikuwa tabibu msaidizi, na kwa miaka kumi na tisa neno hilo msaidizi lilikuwa na maana moja tu: yeye anapasua, mwingine anaandikwa.

Huyo mwingine alikuwa daktari mkuu wa hospitali, mtu mwema, mcheshi, mwenye vikao. Kanuni ilikataza tabibu msaidizi kushika kisu bila daktari kumsimamia, na watu wa bima nao walishasema kwamba bila daktari hawalipi. Sasa daktari ni mmoja na vikao havihesabiki, afanyeje? Ukazuka utaratibu wa simu. Mama Nyuzi akishanawa mikono, nesi alimpigia daktari, akaitumbukiza simu ndani ya glavu safi na kuiweka juu ya stuli. Daktari alisema, "Nipo." Mama Nyuzi alijibu, "Naanza." Simu ikakatwa, mgonjwa akapasuliwa. Jioni daktari alipita kujaza fomu ya bima. Mpasuaji, yeye. Msimamizi, yeye pia, maana karani wa bima hakupenda kuona kisanduku kitupu. Alikuwepo? Muda wote. Wafanyakazi walimwita Daktari Nipo, akiwa hayupo.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka barua iliposhuka kutoka baraza linalotoa leseni. Tabibu msaidizi atakayethibitisha kwamba amepasua watu hamsini kwa mkono wake atapewa leseni ya kupasua kwa jina lake. Asiyeweza kuthibitisha, mwisho wa mwaka atoke chumba cha upasuaji akagawe kadi mapokezi. Mama Nyuzi akafungua daftari lake la nyumbani, alilokuwa akiandika kila mtu aliyepita mikononi mwake. Walikuwa elfu moja mia moja na kumi na mmoja. Kwenye mafaili ya hospitali hakuwemo hata mmoja kwa jina lake.

Akaenda kwa daktari kuomba barua ya ushahidi. Daktari alimkaribisha kiti, akamsifu weee, kisha akamweleza kwamba barua hiyo ingewaamsha watu wa bima, nao wangetaka kujua zile fomu za miaka yote zilijazwa na nani. "Subira yavuta heri, dada," alimwambia, kana kwamba miaka kumi na tisa ilikuwa papara. Mama Nyuzi alitoka pale na hasira za kutosha watu watatu. Alilia chooni, akanawa uso, akaingia kumtoa binti mmoja kidole tumbo. Juu ya stuli, simu ikasema, "Nipo."

Mungu si Athumani. Jumanne moja, saa nne asubuhi, katikati ya kikao cha kuwakemea wafanyakazi watoro, daktari alijishika kinenani akaanguka juu ya ajenda. Ilikuwa ngiri, aliyoificha chini ya mkanda mwaka mzima kwa kukosa nafasi. Utumbo ulikuwa umenaswa, na daktari mwingine wa kupasua alikuwa mwendo wa saa tano kwa gari. Akisafirishwa huko, mgonjwa angefika akiwa mzigo.

Mama Nyuzi alimpapasa tumbo, akamtazama usoni. Hakuwa na nia ya kulipiza kisasi, ila kidogo.

"Daktari, kwenye mafaili yako mimi sijawahi kumpasua mtu," alimwambia. "Nianzie kwako?"

"Dada," alisema daktari, jasho likimtiririka, "achana na mambo ya mafaili."

Akachomwa sindano ya ganzi ya mgongo, akalazwa macho wazi, simu yake mkononi kwa sababu alikataa kuiachia. Mama Nyuzi akanawa. Akarudia kunawa mara ya pili, kwani alijua kwamba huyu akifa, jina la mpasuaji litapatikana siku hiyohiyo. Nesi naye, kwa mazoea, akabonyeza namba. Simu ikaita kifuani kwa mgonjwa.

Daktari akaipokea. "Nipo."

Mtaalamu wa usingizi, aliyemchoma ile ganzi, aligeukia ukutani kuficha kicheko. "Naanza," alisema Mama Nyuzi, na akaanza. Daktari alikaa saa nzima akimtazama akikunja uso, akiomba mkasi, akinyamaza, na kwa mara ya kwanza aliijua kazi aliyoisimamia.

Siku ya tatu karani alimletea fomu kitandani. Mkono wenye mazoea haungoji kichwa, ukajaza. Watu wa bima wakaipitisha bila swali, maana visanduku vyote vilijaa. Siku ya nane Mama Nyuzi alikuja kutoa nyuzi, nakala ya fomu iko mfukoni. Alimsomea polepole.

"Mgonjwa, wewe. Mpasuaji, wewe. Msimamizi, wewe. Alikuwepo? Muda wote. Hapo, kwa mara ya kwanza, hukudanganya." Akaikunja. "Naipeleka barazani. Barua yako uandike au usiandike, shauri yako."

Daktari alianza kucheka, mshono ukamkataza. Karatasi ile ingemuumbua kuliko barua yoyote, hilo alilijua, lakini pia aliukumbuka ule uso uliokunjwa chini ya taa, na aibu ikamshika. Akaomba kalamu.

Aliuliza daftari la nyumbani limefikia wangapi, akaandika kwamba tabibu huyu amepasua kwa mkono wake watu elfu moja mia moja na thelathini, yeye mwenyewe akiwemo. Akatia sahihi, akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari mmoja chini yake: "Mimi nimeshuhudia mmoja, nikiwa nimelala."