Pengo Nyuma ya Tshumu

Kelebonye Moatlhodi aliandika maneno ambayo hakuna anayeyasoma mpaka mambo yamemharibikia. Ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na mmoja: kurasa za msaada, zile zinazojitokeza kwenye kompyuta mtu akibonyeza alama ya kuuliza. Programu yenyewe ilikuwa ya kusajili ng'ombe. Mabwana mifugo wa wilaya zote waliitumia kuandika mnyama, rangi yake, chapa yake na mwenyewe, na walipokwama, aliyewakwamua ni Kelebonye, kwa Kisetswana cha nyumbani kisicho na madoido, akiwa amekaa zake Gaborone kwenye kiti chenye mto alioushona mwenyewe.

Ukimwona usingemdhania. Mama wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, shali begani hata kwenye joto la Oktoba, mpole mpaka umguse pabaya. Alikuwa na sharti moja la kazi: hakuandika hatua ambayo hajaijaribu kwa mkono wake. Kwa ajili hiyo alikuwa na nakala ya majaribio ya programu, ile ya kuchezea isiyomdhuru mtu, na humo ndani alikuwa amesajili kundi zima la marehemu baba yake. Mzee alizikwa miaka sita iliyopita. Ndani ya nakala ile alikuwa bado hai na ng'ombe wake bado wake.

Kusema kweli, hata kwenye sajili halisi ng'ombe walikuwa bado kwa jina la mzee. Modisa, mdogo wake Kelebonye aliyebaki kuwachunga, alikuwa amemsumbua mpaka akachoka. "Dada, twende tukabadilishe," angesema kila Krismasi. Na dada angejibu kwamba ana kazi nyingi.

Alikuwa na tabia nyingine pia, na hii ndiyo iliyokuja kumtokea puani. Kila ukurasa aliupa jina la ng'ombe. Ukurasa wa kufungua programu uliitwa Phatshwana, kwa sababu Phatshwana, yule mweusi wa mabaka meupe, ndiye aliyetoka zizini wa kwanza kila asubuhi. Ukurasa wa kuandikisha ndama uliitwa Khunwana, yule mwekundu aliyezaa kila mwaka bila kukosa. Ukitaka kujua ukurasa upi unafuata upi, ilikupasa ujue nani alitembea nyuma ya nani kule moraka, kwenye zizi lao la porini ng'ambo ya Khudumelapye, Kelebonye alipokuwa msichana. Wala hakuwahi kuzihesabu kurasa zake. Sisi watu wa huku ng'ombe hatuhesabu. Unasimama langoni, unawatazama wakipita, na asiyekuwepo macho yenyewe yanakuambia.

Jumatano moja ya Agosti, upepo ukivumisha vumbi madirishani, alifungua mradi wake kama kawaida, na mradi haukufunguka.

Kurasa zilikuwepo. Kilichokosekana ni faili moja dogo, lile la mradi, alilolipa jina la marehemu baba yake, ambalo linashika kurasa zote pamoja na kujua ipi inatangulia na ipi imeungana na ipi. Bila hilo programu yake ya kuandikia ilikuwa imezimwaga kurasa zote kwenye orodha moja, kwa herufi, chini ya kichwa kilichosema hazina mwenyewe. Kelebonye aliitazama ile orodha. Walikuwa matimela kabisa, ng'ombe waliopotea, wale wanaokusanywa kwenye zizi la serikali wasimame juani mpaka mwenyewe aje awatambue.

Akamwita Phenyo, fundi wa kompyuta, ambaye Jumatatu alikuwa amehamisha kazi za ofisi nzima kwenye mashine mpya.

"Mma, mimi nimebeba kila kitu," alisema Phenyo, akimwita mama kwa heshima.

"Kila kitu isipokuwa kamba ya kufungia mzigo. Faili linaloitwa Moatlhodi liko wapi?"

Phenyo, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaanza kukuna shingo. "Lile la mzee?"

"Lile la mradi!"

"Mma, niliona majina ya ng'ombe, nikayabeba yote. Nikakuta jina la marehemu. Nikasema haya ni mambo ya msiba ya nyumbani kwao. Vitu vya marehemu vinaguswaje na mtu baki, mjomba wa familia hayupo?"

"Kwa hiyo ukaviacha."

"Nikaviacha kwa heshima, mma. Nilijua utakuja kuvichukua mwenyewe."

"Na mashine ya zamani?"

"Ilifutwa jana, ikachukuliwa."

Kelebonye alitaka kumfokea. Utamfokea vipi mtu aliyekuharibia kazi kwa adabu? Nakala za akiba nazo zilikuwa zimeandikwa upya Jumatatu, na mzigo uleule usio na kamba. Hapakuwa na pengine pa kutazama.

Mkurugenzi, Rre Mosweu, yaani Bwana Mosweu, alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Zimepotea ngapi?"

Watu waligeuka. Hata msichana wa mapokezi aliinua kichwa.

"Rra," alisema Kelebonye taratibu, "wewe ni mtoto wa watu wenye ng'ombe. Kwenu wanauliza hivyo?"

Rre Mosweu alikohoa. "Nisamehe, mma. Lakini Ijumaa saa kumi programu mpya inatumwa wilayani. Msaada wako usipokuwa tayari, itaondoka na ule wa Kiingereza peke yake. Na ukishatoka wa Kisetswana, usidhani utarudi. Wakubwa wanautafutia sababu tangu mwaka jana, unajua mwenyewe."

Alijua. Alimjua pia bwana mifugo wa Letlhakeng aliyempigia simu mara moja kumwambia kwamba anaposoma kurasa zake anasikia kama shangazi yake amekaa pembeni. Miaka kumi na mmoja, na ilibaki siku mbili.

Alhamisi asubuhi alijaribu kwa akili. Alichora mishale kwenye karatasi, akaifuta, akachora mingine. Aliunganisha Khunwana na fulani, akaona haikai. Kufika saa sita karatasi ilikuwa nyeusi na kichwa kinamuuma. Akanywa chai, akala andazi moja la magwinya lililopoa, akajifunika shali, akafumba macho.

Upepo ulikuwa ukipiga bati mahali fulani, polepole, kwa mapigo yasiyolingana, na baada ya muda halikuwa bati tena. Ilikuwa kengele ya shingoni mwa Phatshwana. Alisikia harufu ya samadi yenye umande na ya moshi wa kuni za mogonono. Miguu yake ilikuwa midogo na imepasuka kwa baridi. Lango la miiba lilikuwa limevutwa pembeni, na mwanga ulikuwa ukiingia zizini ukiwa na vumbi, wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai.

Phatshwana alitoka. Hakuwa na haraka, hajawahi kuwa nayo. Nyuma yake Khunwana na ndama wake akimgonga ubavuni. Bila kufumbua macho vizuri, Kelebonye aliunyoosha mkono kwenye kipanya na kuuvuta ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Akawatazama wakipita. Alipita maksai mzee mwenye pembe moja, akauvuta ukurasa wa chapa. Walipita mitamba watatu wa tumbo moja, wanaofanana mpaka mama yao huwachanganya, naye akaziweka kurasa tatu za makosa ya tahajia, ambazo nazo zinafanana. Mmoja alisimama langoni akamtazama kwa macho mapana yenye maji, na Kelebonye akamwambia kwa sauti, "Pita, mama." Msichana wa mapokezi alisikia, akanyanyuka, akaifunga simu ya mezani isilie.

Sijui ilichukua muda gani. Saa nyingine hazipimwi kwa saa. Kundi lilipita, kwato zikilainisha mchanga, na kwenye skrini kurasa zilijipanga moja nyuma ya nyingine zenyewe, na viungo vyake vikashikana kama mikia na pua. Alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtoto ambaye bado hajatumwa kazi yoyote.

Kisha akapita Tshumu, mwenye paji jeupe. Na baada ya Tshumu, lango likawa tupu.

Thokwana, yule wa rangi ya majani makavu, alikuwa amesimama ndani anangoja. Baina yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mzima kupita. Kelebonye aliitazama ile nafasi, vumbi likishuka ndani yake. Kuna aliyepungua. Macho yalimwambia kuna aliyepungua, ila hayakumwambia ni nani.

Akafumbua macho, akampigia Modisa.

"Nyuma ya Tshumu alikuwa anatembea nani?"

"Dada, hii ndiyo salamu siku hizi?"

"Modisa, nakuomba."

Kulikuwa na upepo kwenye simu, na ng'ombe mmoja akilia mbali. "Nyuma ya Tshumu hapakuwa na ng'ombe," alisema Modisa. "Thokwana alikuwa na tabia ya kugeuka kurudi zizini. Umesahau? Hapo alikuwa anatembea baba."

Kelebonye aliiweka simu mezani polepole. Ukurasa ulioitwa Rre. Baba. Ulikuwepo zamani, na Phenyo aliuacha pamoja na lile faili, kwa heshima ileile. Ulikuwa ukurasa wa nini cha kufanya mwenye ng'ombe akifariki. Aliuandika wiki ya maziko, kwa kunakili karatasi ya watengenezaji, na ndio ukurasa pekee katika maisha yake ambao hakuujaribu. Karatasi ilisema ukishathibitisha, jina la marehemu linafutika. Hakuwa na mkono wa kulibonyeza hilo.

Angeweza kuunakili tena kutoka kichwani. Nani angejua? Alikaa akitazama skrini mpaka jua likashuka kwenye ukingo wa meza, kisha akafungua nakala ya majaribio.

Mmiliki: Moatlhodi. Hali: hai.

Akabadilisha hali. Programu ikamuuliza nani anapokea, akaandika Modisa. Ikamuuliza kama ana hakika, kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe miaka mingi nyuma, na akaona jinsi yalivyo makavu. Akabonyeza.

Jina halikufutika.

Lilishuka mstari mmoja. Juu palikuwa na Modisa, na chini yake, kwa herufi zilezile: Aliyekuwa mmiliki, Moatlhodi. Ng'ombe wote walikuwa palepale, kwa rangi zao.

Kelebonye alilia hapo mezani, kwa uchungu na kwa hasira pia, kwa sababu miaka sita ukurasa wake ulikuwa ukiwaambia wafiwa uongo. Wangapi waliufikia mstari ule wakaondoa mkono, kama yeye? Alipomaliza kulia alijipangusa kwa shali na kuandika upya, na hatua ya mwisho aliiandika hivi: "Sasa bonyeza. Usiogope. Jina lake halifutiki, linashuka mstari mmoja tu, na litakaa hapo." Kisha akauvuta ukurasa na kuuweka kati ya Tshumu na Thokwana, na Thokwana akatoka.

Ijumaa saa tisa Rre Mosweu alisimama tena mlangoni. Safari hii hakuwa na kikombe.

"Mma, wamefika wote?"

"Wamefika, Rra."

Hakuuliza zaidi. Programu ikaondoka na Kisetswana chake ndani. Kelebonye alifunga mashine, akakunja mto wake, na kabla hajatoka akampigia mdogo wake.

"Jumatatu njoo mjini. Ulete kitambulisho chako na cheti cha kifo cha baba."

Kengele ilikuwa ikisikika nyuma ya Modisa.

"Umeweza, dada?"

"Nimejaribu kwanza," alisema Kelebonye. "Kubonyeza hakuumi sana."