Mlango wa Fuko

Ayiko alikuwa mtu wa kutazama chini. Mji wa Koboko ulimjua hivyo, na watu walitaniana kwamba ukitaka Ayiko akutambue usimwonyeshe uso, mwonyeshe miguu. Haya ilimshika tangu utotoni, wala madarasa manne aliyosoma kwa mapadri wa Ombaci hayakumtoa humo. Lakini huko chini alikotazama ndiko riziki yake ilikokuwa. Kazi yake ilikuwa kutega fuko.

Mwenye bustani humjua fuko bila kumwona. Asubuhi sukumawiki imesimama, adhuhuri imelala. Ukiivuta inakuja mkononi bila mzizi, imekatwa kama kwa kisu. Unachimba viazi vitamu, unakuta maganda matupu. Mnyama mwenyewe ni donge la manyoya, macho kama punje za mtama, na meno ya mbele ya manjano ambayo hata akifunga mdomo yanabaki nje. Wengine humwagia maji, wengine humchomea pilipili shimoni. Ayiko hakuhangaika na mambo hayo. Alikuwa na fimbo ya kupindwa, waya wa breki ya baiskeli, na uzi mwembamba.

Bustani aliyoitamani kuliko zote ilikuwa ile ya bondeni, kwenye njia ya Lobule, yenye udongo mweusi usiokauka hata Januari. Ilikuwa ya mama yake, Mindra. Mwaka wa 1973 alifika sajini mmoja, Sulaiti, akaipima kwa hatua za viatu vyake vya jeshi kutoka mkondo wa maji hadi barabarani.

"Mama," alimwambia Mindra, "hapa iko pahali ya serikali. Wewe panda kule juu."

Kule juu kulikuwa mawe. Mindra alimtazama mwanawe aseme neno. Ayiko alitazama viatu vya sajini, akaona kamba ya kushoto imefungwa mafundo mawili, na hadi leo angeweza kukuchorea mafundo yale. Mindra alipanda juu ya mawe misimu miwili, wa tatu hakuuona.

Sulaiti alijenga nyumba ya mabati pale, akamweka mkewe Kaltumu, yeye mwenyewe akarudi kambini Arua. Kaltumu alikuwa fundi wa cherehani. Nguo za Idi za nusu ya mji zilipita mikononi mwake. Hata sanda ya Mindra ilikunjwa pindo kwenye cherehani ile, na Kaltumu hakutaka kitu. Ayiko alilikumbuka hilo siku zote. Lakini halikumsaidia Kaltumu hata kidogo.

Fuko walipoingia bondeni, Kaltumu alimwita Ayiko, maana hapakuwa na mwingine.

"Pita nje ya ua," alimwambia siku ya kwanza. "Usipite mlangoni. Wewe unashika panya."

Ayiko akapita nje ya ua. Akatafuta kifusi kibichi, akachimba hadi kwenye njia ya fuko, akaiacha wazi. Kaltumu alisimama mbali, kitambaa puani.

"Sasa mbona umemfungulia? Si atatoka akimbie?"

"Hatoki, mama," Ayiko aliuambia udongo. "Fuko hawezi kuona mlango wake uko wazi akanyamaza. Upepo ukiingia, mwanga ukiingia, lazima aje kufunga. Sisi hatumfuati. Anakuja mwenyewe."

Kaltumu akacheka. "Kumbe fuko ana adabu kuliko wanaume wa Koboko! Hao wanaacha milango wazi mpaka mbuzi analala kitandani."

Ayiko akalaza kitanzi cha waya ndani ya njia, akapinda fimbo, akaishika kwa uzi, akaziba mbele ya uzi kwa donge la udongo. Kabla jasho halijamkauka, fuko alikuja akisukuma udongo wa kuziba, uzi ukakatika, fimbo ikaruka. Kitanzi kilimbana mnyama kwenye dari ya njia yake. Alilia kama mtoto mchanga, mara moja tu.

Tangu siku hiyo Ayiko alikuwa na kopo lake la kunywea maji, limetundikwa kwenye ua kwa nje, na Kaltumu aliyamimina maji kutoka juu ili mtungi usiliguse. Akiondoka, majivu yalimwagwa alipokanyaga. Wageni wa cherehani walikuwa wakitoka kutazama.

"Baba Panya amekuja! Baba Panya, leo unapika na nini?"

"Muulizeni vizuri," alisema Kaltumu, sindano mdomoni. "Hii bustani zamani ilikuwa ya mama yake. Walikuwa wanakula mboga za juu na mchuzi wa panya wa chini."

Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Ayiko naye alitabasamu, akitazama vidole vya miguu yao vilivyopakwa hina.

Lakini alikuwa na kisasi chake, kidogo kama alivyokuwa yeye. Hakumaliza fuko. Kila alipotega alimwacha mmoja, jike, upande wa mkondo wa maji, ili baada ya mwezi aitwe tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kukanyaga udongo wa mama yake. Mradi fuko yuko, bustani haijamfukuza.

Akafanya hivyo miaka miwili. Mwaka wa 1977 Sulaiti alikuja likizo, akaona sukumawiki imelala, akamuuliza mkewe ni mara ngapi Ayiko ameitwa. Kaltumu akamwambia. Sulaiti hakuwa mjinga.

"Wewe iko nafuga panya kwa shamba ya bibi yangu?"

"Hapana, afande."

"Lala chini. Ingiza mkono. Leo unatoa yeye na mkono."

Ayiko akalala kifudifudi, akaingiza mkono wa kushoto kwenye njia ya fuko hadi kiwikoni. Alijua jike yule yuko pale. Alimhesabu kama mtu anavyohesabu kuku wake. Akamsikia anakuja kuziba.

"Ongeza mkono, Baba Panya," alisema Kaltumu kutoka kivulini. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapiga pasi, na alisema kama mtu anayeagiza makaa.

Ayiko akaongeza mkono. Meno yalipita kidole cha shahada, nyama na mfupa. Alipoutoa mkono, kidole kilining'inia kwa ngozi, na Sulaiti akaikata ngozi hiyo kwa wembe wa kukatia nyuzi, akasema amemsaidia. Kaltumu akamtupia kipande cha kitambaa, cha maua ya njano. Ayiko akafunga, akasema ahsante.

Aliendelea kuitwa, na aliendelea kuja. Wala hakumuua yule jike.

Kisha ukaja mwaka wa 1979. Habari za kuanguka kwa serikali zilikuja na malori yaliyopita bila kusimama, magodoro juu, mbuzi juu ya magodoro. Sulaiti alikuwa ametumwa kusini, na waliorudi hawakurudi naye. Mwezi wa Mei ulipoisha, mji ulianza kuvuka mpaka kwa miguu kuingia Zaire. Kaltumu alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alimkuta Ayiko njiani.

"Nitarudi," alimwambia. "Bustani yangu usiiguse."

"Ndiyo, mama."

Asubuhi ile ile Ayiko alishuka bondeni. Hakuhitaji kutafuta. Mtu anayesoma udongo miaka ishirini haoni bustani kama wengine wanavyoiona. Karibu na mkondo wa maji palikuwa na tuta jipya la marando ya viazi, yamepandwa na mtu mwenye haraka, yote yamelala upande mmoja. Akafukua kidogo. Mkono ukagusa gunia, ndani ya gunia chuma baridi, gurudumu la cherehani. Akakifukia tena chuma kama kilivyokuwa, akapanda kule juu kwenye mawe huku akifikiri.

Angeweza kulima siku hiyo hiyo. Hapakuwa na wa kumzuia. Lakini alijua vita huja na vita huondoka, na wenye nyumba za mabati hurudi na makaratasi. Cherehani ingemrudisha Kaltumu, leo au baada ya miaka mitano. Bora arudi sasa, peke yake, angali hana mume wala askari.

Kwa hiyo akaenda kwenye nyumba, akavunja kufuli kwa jiwe, akausukuma mlango hadi ukagota ukutani. Hakuingia. Akaondoka akauacha wazi.

Jirani yake Driciru alikuwa akivuka kila siku ya soko kuwauzia wakimbizi mihogo. Ayiko akampa ujumbe.

"Ukimwona mke wa sajini, mwambie mlango wa nyumba yake uko wazi."

"Basi?"

"Basi. Mwambie unapigwapigwa na upepo."

Driciru akamtazama. "Ayiko, mimi sijawahi kukusikia ukitangulia kusema. Kuna nini huko?"

"Mlango tu."

Kisha akatengeneza mtego. Alikata fimbo nene kama mpini wa jembe, akasuka nyaya nne za breki pamoja, akafungua tuta la marando kwa upande, akalaza kitanzi mdomoni mwa gunia, akaficha fimbo ndani ya mabua ya mtama. Mkono wa vidole vinne ulichelewa kufunga uzi, lakini ulifunga.

Siku ya tatu, jua likiwa bado upande wa mlima, Kaltumu alikuja. Ayiko alikuwa kule juu kwenye mawe ya mama yake. Alimwona amefunga kanga kiunoni, miguu imejaa vumbi la Zaire, jembe bovu mkononi. Kila kitu chake cha thamani kilikuwa bustanini, na muda wake ulikuwa mfupi. Askari wapya walisemekana wako njiani kutoka Arua. Hata hivyo aliipita bustani. Alikwenda kwanza nyumbani, akauvuta mlango, akaufunga kwa kipande cha utambi wa kitambaa, akaujaribu kwa bega kama umeshika.

Ndipo akashuka bondeni. Ayiko naye akashuka, taratibu.

Alimkuta amepiga magoti kwenye tuta. Alikuwa ametupa jembe ili asikwaruze chuma, anafukua kwa mikono.

"Ayiko! Mungu amekuleta. Nisaidie kuinua."

"Iko ndani, mama. Ongeza mkono."

Alikuwa ameshauongeza kabla maneno hayajamwingia. Uzi ukakatika. Fimbo ikaruka, nyaya zikambana kifundo cha mkono kwenye ukingo wa shimo, na sauti ya mfupa ikasikika kabla ya sauti yake mwenyewe.

Ayiko akachuchumaa upande wa pili wa tuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimtazama usoni. Akaona ana kovu dogo juu ya jicho, na kwamba ni mtu mzima kuliko alivyodhani.

"Fungua! Ayiko, fungua, mkono wangu ndiyo chakula yangu!"

"Bustani ni ya nani?"

"Yako! Chukua!"

"Siyo yangu."

Alilia, akavuta, nyaya zikaingia ndani zaidi. Alimtukana kwa Kinubi, lugha ya kwao, akamwomba kwa Kiswahili. Akataja sanda. "Nilimshonea mama yako pindo! Mikono hii!"

"Najua," alisema Ayiko. "Ya nani?"

Huko barabarani, mbali, lori lilikuwa likipanda mlima kwa gia ya kwanza.

"Ya Mindra," alisema Kaltumu.

"Sema tena."

"Ya Mindra. Ya Mindra. Ya Mindra."

Alimwacha aseme hadi sauti ya lori ikawa karibu. Kisha akaikanyaga fimbo, kitanzi kikalegea. Kaltumu aliinuka akikumbatia mkono kama mtoto aliyekufa, akakimbia kuelekea mpakani bila jembe, bila cherehani. Cherehani haikuwa imehamishwa. Ilikuwa pale pale, chini ya vidole vyake, inchi tatu za udongo.

Mwezi uliofuata Driciru alirudi kutoka kambi ya wakimbizi.

"Mke wa sajini, mkono ulivimba ukawa mweusi," alisema. "Wameukata hapa kwenye kiwiko. Anakaa tu, hashoni. Watu wakimuuliza, anasema aliumwa na panya." Akangoja. "Ni panya gani huyo, Ayiko?"

Ayiko alikuwa anatazama miguu ya Driciru. "Mihogo iliuzika?" akauliza.

Alilima bonde lote mwaka huo. Juu ya cherehani alipanda mihogo, haikuchukua muda ikastawi. Sukumawiki ilisimama vizuri wiki sita. Wiki ya saba, adhuhuri moja, mstari mzima wa upande wa mkondo wa maji ulilala chini. Ayiko akavuta mmoja, ukaja mkononi bila mzizi. Alimjua aliyefanya. Akafungua njia, akalaza kitanzi, akakaa. Jike yule alikuja kuziba kama walivyokuja wote, na alilia mara moja tu.

Ayiko akamtundika kwenye ua. Jua lilikuwa kali, koo limemkauka. Nyumba ilikuwa pale, mlango umefungwa kwa utambi ambao hakuna aliyewahi kuufungua, na ndani mtungi bila shaka. Akazunguka nje ya ua, kwa njia yake ya siku zote, akatungua kopo lake, akateremka kunywa kwenye mkondo wa maji.