Chombo Hakirudi Kitupu

Enzi zetu kule Mahurunga, chombo cha jirani hakikurudi kitupu. Ukiazima bakuli, ulilirudisha na kitu ndani: embe, kisamvu, mabibo mawili matatu, hata chumvi kidogo. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani, ingawa darasani tulifundishwa mengi, na karibu yote kwa kuimba. Kurudisha chombo kitupu ilikuwa sawa na kutangaza kwamba nyumbani kwako hakuna kitu, na hakuna mama aliyekuwa tayari kutangaza hivyo.

Ndiyo ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wa paredi, ukajua jirani anapika nini kwa kunusa tu. Sisi watoto tulicheza rede mpaka magharibi, tukachoma korosho kwa pupa hadi mafuta ya maganda yakatubabua midomo. Mama akituona alisema, "Mdomo wa mlafi haufichiki," kisha naye akachukua zake.

Miongoni mwa majirani zetu alikuwa Mama Rozalia, aliyevuka mto Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji akiwa na wanawe na mkeka. Mama alimwazima sufuria letu kubwa, ndani akatia unga wa muhogo. Sufuria kubwa tulikuwa nalo hilo hilo. Wiki zikapita, halikurudi.

Wakati huo kaka yangu alikuwa jandoni, na siku ya kutoka ilikaribia. Wali wa sherehe ungepikwa kwenye nini? Maneno yakaanza kisimani. Shangazi, ambaye hajapata kukosa neno, alisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyie wa kwenu mmempa sufuria!" Akataka shauri lifike kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa mgeni, kuitwa mwizi mbele ya balozi ilikuwa ndiyo basi tena; asingepata hata wa kumpa kaa la moto.

"Wifi, ana nini cha kutia ndani?" mama alimuuliza.

Shangazi akajifunga kanga yake upya, akaenda zake.

Alasiri hiyo mama aliuinua mtungi wetu, niliokuwa nimetoka kuujaza mimi kwa safari za kisimani, akaumwaga wote kwenye shina la mpapai. Nilitaka kulia. Mama hakupenda kusema uongo, na gharama za ukweli wake mara nyingi zilinifikia mimi. Akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Rozalia.

Sufuria lilikuwa mlangoni, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Mwenyewe alipotuona aliinamisha kichwa.

"Dada, mwenzio maji yameniishia kabisa," mama alisema. "Nitilie kwenye hilo sufuria."

"Maji tu, dada?"

"Maji ndiyo niliyokosa."

Mama Rozalia alimtazama, akaelewa. Akalijaza mpaka ukingoni, akakataa kupokewa, akalibeba kichwani katikati ya kijiji. Mbele ya nyumba ya shangazi alipita polepole kuliko ilivyohitajika. Nilimwonea mama yangu fahari, ingawa nilikuwa bado nimenuna kwa ajili ya maji yangu.

Kaka alitoka jando, wali ukaliwa. Baada ya hapo vyombo vikaanza kurudi na maji. Mke wa mwalimu, mtu wa bara, mshahara wa mumewe ulipochelewa alituletea bakuli letu limejaa maji; alisema Mama Rozalia ndiye aliyemwambia inafaa. Mwaka nguruwe pori walipomaliza mihogo, karibu kila chombo kilitembea na maji, na hakuna aliyejifungia ndani kwa aibu. Watu waliendelea kuazimana, na kwa kuazimana huko tulikula. Mabinti walioolewa kijiji cha Ziwani wakaenda na desturi hiyo.

Siku hizi chakula huletwa na bodaboda ndani ya kikopo cha plastiki, na kikopo hutupwa. Hakuna cha kurudisha, kwa hiyo hakuna haya, wala hodi. Wanangu wako Mtwara mjini. Jina la jirani wanayepakana naye ukuta hawalijui, ila nywila ya intaneti yake wanaijua. Siwalaumu sana. Nasi tungekuwa nayo tungeitumia.

Mwaka jana nilikwenda msibani Ziwani. Msichana mmoja akaingia uani kurudisha bakuli, limejaa maji. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Ndiyo mila yetu, bibi," alinijibu kwa subira, kama anayemwelekeza mgeni. "Waliianzisha wazee wa kale."

Mama yangu alifariki mapema, hakufikia hata kuitwa bibi. Nilitaka kulitaja jina lake. Kisha nikaliacha, nikamwachia mama awe mzee wa kale.